Wivine Alivyomfuata Kaka Yake Ziwani

Wivine alizaliwa Bunia, mtaa wa Mbunya. Baba yake, Hippolyte, alikuwa dereva wa lori. Mama yake, Martine, alilima shamba dogo la mihogo nje ya mji. Wote wawili walikuwa wa kabila la Walur, waliotoka upande wa Mahagi wakiwa vijana waliooana karibuni. Nyumbani na kanisani msichana aliitwa Wivine. Shuleni, tangu serikali ilipokataza majina ya Kikristo, mwalimu alimwita Afoyorwoth, naye akaitika majina yote mawili bila kinyongo. Aliyemtangulia kuzaliwa ni Julien, na aliyemfuata ni Léon, kitinda mimba, mtoto mwembamba mwenye maswali yasiyokwisha.

Lori alilokuwa akiendesha Hippolyte lilikuwa la Mgiriki mmoja aliyenunua samaki wa chumvi Kasenyi, bandari ndogo iliyo chini ya milima kando ya ziwa, akawauza Bunia na Komanda. Kila likizo Julien alimsumbua baba yake amchukue akalione ziwa. Mwaka wa sabini na tatu ulipokaribia kwisha, shule zikiwa zimefungwa kwa ajili ya Noeli, baba akakubali. Waliondoka wawili, akarudi mmoja.

Maneno aliyorudi nayo Hippolyte yalikuwa machache mno. Alisema mtoto aliingia majini, maji yakamchukua, wakamtafuta, hawakumpata. Martine alimshika shati akamtikisa kama mtu anayetikisa mti ili matunda yaanguke, lakini hakuna kingine kilichoanguka. Watu wakaja matanga, wakakaa kwenye mikeka uani, wakaimba nyimbo za kanisa. Hapakuwa na maiti, hapakuwa na jeneza, wala hapakuwa na shimo la kuzungukwa. Walipoondoka, kila mmoja aliondoka na swali lake moyoni.

Baada ya Pasaka yule Mgiriki alifunga virago. Siku hizo maduka ya wageni yalikuwa yakitolewa kwa wenye nchi, na aliyepata duka alikuwa na bahati yake. Mgiriki hakungoja kufukuzwa. Asubuhi ya kuondoka alimpa Hippolyte funguo za lori lake kuukuu, akamwambia ni afadhali libaki kwa mtu anayejua kulitunza. Jioni Hippolyte akaliegesha mbele ya nyumba yake, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Katika Bunia ya miaka ile hapakuwa na mtu asiyemjua mamba-muntu. Kuanzia kiunoni kwenda juu ni mwanamke mzuri, mwenye nywele ndefu, saa mkononi na kioo cha kujitazamia. Kuanzia kiunoni kwenda chini ni samaki. Wachoraji walimchora kwenye vitambaa, na watu wenye nafasi wakamtundika sebuleni. Alijulikana kwamba hutoa utajiri, na hautoi bure: hutaka mtu, tena mtu wa damu yako. Sasa huyu Hippolyte alipoteza mtoto ziwani, mwili haukuonekana, na kabla mwaka haujageuka ana lori. Watu hawakuhitaji kuambiwa zaidi.

Jirani yao Kanyere, mshonaji, alikuwa na picha ya mamba-muntu juu ya cherehani yake. Wivine na Léon walizoea kukaa chini ya meza yake wakiokota vipande vya vitambaa. Kanyere hakuwa mtu mbaya. Aliwaonea huruma, na huruma yake aliitoa kwa njia aliyoijua.

"Kaka yenu hakukufa," aliwaambia. "Benye mamba-muntu anakamata, banaishi naye mu mji yake, chini ya maji. Banamusuka nywele."

"Na wanaweza kurudi?" Léon aliuliza.

"Banaweza. Mutu akimupelekea kitanulio ya mama mwenye alizaa ule mutoto, anamuachilia. Lakini ule mutu asikule samaki hata kidogo. Akikula samaki, amekula batu ya mamba-muntu, na mulango inafungwa."

Maneno hayo hayo Kanyere alikuwa ameshamwambia Martine. Kwa hiyo kila usiku, wakati wa kula, Martine alipakua ugali kwenye sahani ya Julien na kuiweka mahali pake. Hippolyte aliitazama sahani ile, akala chakula chake kichwa chini, akatoka nje kwenda kukaa ndani ya lori. Hakumwambia mke wake aache.

Wakati wa kiangazi kilichofuata Wivine alikuwa na miaka kumi na mmoja, Léon saba. Shuleni watoto walikuwa wamekataa kukaa na Wivine benchi moja. Siku moja msichana aitwaye Monique alimuuliza mbele ya darasa zima, "Baba yako atamuuza nani sasa, weye ao Léon?" Mwalimu akasikia, akaendelea kuandika ubaoni. Wivine alirudi nyumbani amekwisha kuamua. Alichukua kitanulio cha mama yake, kitana cha mbao cha kuchania nywele, akakifunga ndani ya kitambaa pamoja na mihogo ya kuchemsha, akamwambia Léon, "Tunaenda kumuchukua Julien."

Léon hakuuliza njia. Aliuliza kama Julien atakuwa amekua.

Walitoka mjini asubuhi, wakiwaambia waliokutana nao kwamba wanakwenda shambani kwa mama. Kufikia Bogoro miguu ya Léon ilikuwa imevimba. Wakalala kwenye kibaraza cha kanisa, na kesho yake mwenye lori la chumvi akawaonea huruma akawapandisha juu ya magunia. Wivine alimdanganya kwamba shangazi yao anawangoja bandarini. Njia ilianza kuteremka, ikijikunja na kujikunja ubavuni mwa mlima, na huko chini ziwa likatokea, kubwa kuliko vile walivyodhani maji yanaweza kuwa.

Kwenye kona moja dereva alipiga honi ndefu, akatupa sigara dirishani.

"Ni nini?" Wivine alimuuliza msaidizi aliyekaa nao juu.

"Iko zimu moja hapa, ya muguu moja. Usipomusalimia, anashika gurudumu."

Léon alifungua kitambaa akatoa kipande chake cha muhogo, cha mwisho, akakirusha majanini kwa nguvu zake zote. "Baba Zimu," alisema kwa sauti, "siye tunaenda tu kumuchukua kaka yetu. Tutarudi batatu. Utupitishe." Msaidizi akacheka. Léon hakucheka. Aliendelea kutazama nyuma mpaka kona ikapotea, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Wivine aliukumbuka uso ule maisha yake yote.

Waliposhuka Kasenyi joto liliwapiga kama wamefungua mlango wa tanuri. Kila mahali palinuka samaki: samaki waliopasuliwa wakianikwa, samaki wakipakwa chumvi, magamba ya samaki yamegandamana kwenye udongo. Mwanamke mmoja akawapa kipande cha samaki, sangala wa kukaanga, bila kuuliza chochote. Wivine akamrudishia. Njaa ilikuwa ikiwakata matumbo, lakini walikuwa wakiutunza mlango usifungwe. Wakanywa maji ya ziwa kwa viganja, tena na tena, mpaka matumbo yakajaa.

Walifuata ufuko wakiipita mitumbwi, mpaka mahali penye kimya, ambapo miti ilikuwa imechomekwa majini ikafanya uzio wa nusu duara. Ndani ya uzio, maji yakimfika kiunoni, alikuwako mwanamke. Nywele zake zilikuwa zimefumuliwa, ndefu, nyeusi, zikidondoka maji, naye alizichana taratibu akitazama mbali. Chini ya kiuno hakuonekana.

Léon alimshika dada yake mkono. "Yaya," alinong'ona, "ni yeye."

Wivine alifungua kitambaa, akashika kitanulio kwa mikono miwili kama mtu anayepokea sakramenti, akaingia majini mpaka magotini.

"Mama," alisema, "tumekuletea kitanulio ya mama yetu. Hatukukula samaki. Tunakuomba uturudishie Julien."

Yule mwanamke aligeuka. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Muko batoto ya nani?"

"Ya Hippolyte. Dereva. Wa Bunia."

Mwanamke akajishika mdomo. Kisha akatoka majini, na Wivine akaiona miguu yake, miguu miwili ya kawaida, yenye vidole vilivyopasuka kwa kutembea peku. Aliitwa Godelive, mjane aliyekuwa akianika samaki wa watu. Alijifunga kitenge, akawakalisha mchangani, akakaa nao.

"Nani alibaambia habari ya mamba-muntu?"

"Batu bote," Wivine alisema.

"Sikia, mwanangu. Hapa hakuna mamba-muntu. Iko mamba tu. Haina nywele, haina kioo. Iko na meno." Alionyesha miti iliyochomekwa majini. "Hii lupango tuliiweka sababu ya kaka yenu. Baba yenu alimutuma kuteka maji ya lori. Bavuvi balimuambia pale pabaya, yeye aliona ni maji kidogo tu, mutoto atateka mbio. Alisikia kelele moja. Alikimbia, aliingia mu maji na nguo yake yote, alipigana nayo na chuma ya lori. Yenye tulitoa mu maji, tulifunga ndani ya kitenge yangu. Haikuwa mingi."

Aliwapeleka nyuma ya nyumba za kuanikia, chini ya mchongoma, palipokuwa na tuta dogo lililozungushiwa mawe na msalaba wa mbao za kasha. Jina halikuandikwa. Godelive alisema baba yao hupita hapo kila safari, hupiga magoti, halafu huondoka bila kula.

Wivine aliangalia tuta lile akalijua. Hakuna aliyehitaji kumhakikishia. Lakini Léon alikuwa amekunja uso.

"Hii ni kaburi ya mutu mwingine," alisema.

Godelive alipika ugali na samaki, kwa kuwa hakuwa na kingine. Wivine alikula huku akilia. Léon alikataa. Alisukuma sahani, akanywa maji, akanywa tena. Hata Wivine alipomwambia, "Kula, Léon, hakuna mulango," alitikisa kichwa tu. Godelive alipoinuka kuosha vyombo, Léon alichukua kitanulio, akakimbia mpaka ufukoni, akakitupa ng'ambo ya uzio, mbali alivyoweza. Akasimama akingoja. Wivine ndiye aliyekwenda kumwondoa.

Hippolyte aliwakuta hapo kesho yake mchana. Alikuwa ameuliza barabara nzima. Alipowaona chini ya mchongoma, karibu na lile tuta, alikaa chini palepale, mtu mzima, mbele ya watu.

Baadaye alimwita Wivine kando. "Godelive alikuambia?"

"Ndiyo, papa."

"Ni mimi nilimutuma. Unasikia? Mimi mwenyewe. Mama yako alikuwa ananiuliza, nilipomuona mara ya mwisho, uso yake ilikuwa namna gani. Ningemujibu nini? Nilisema maji ilimuchukua. Maji ni safi. Halafu batu balianza kusema niliuzisha mutoto, nikaona basi, baseme. Ile balikuwa banasema haikupita kwa ubaya yenye nilifanya."

"Na sahani, papa? Mama anamuwekea chakula."

Hippolyte alifunika uso. "Usimuambie," alisema.

Léon alianza kuharisha wakiwa bado mlimani. Kwanza alisimamisha lori kila baada ya muda mfupi, kisha hakuwa na nguvu ya kuomba lisimame. Walipopita kona ya zimu macho yake yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka kama majani. Baba aliendesha kama mwendawazimu. Walifika hospitali ya Bunia Léon akiwa bado anasema, na alichosema ni kwamba wamwachie Julien nafasi kitandani, kwa sababu atafika amechoka. Alikufa kabla ya jua la pili.

Safari hii mwili ulikuwapo, lakini haukusaidia kitu. Baba alitoka mjini peke yake, akarudi kutoka ziwani na mtoto anayekufa: ndivyo watu walivyoona. Kaka zake Martine walikuja kutoka Mahagi kwa mazishi, na siku ya tatu ya matanga, mchana kweupe, wakamtoa Hippolyte nje ya uzio wakampiga kwa fito mpaka akawa haonekani ni nani. Vijana wa mtaa wakalisukuma lori barabarani wakalichoma. Wanawake walitazama wakiwa wamebeba watoto wao. Hippolyte hakuinua mkono kujikinga.

Wivine akashindwa kuvumilia. Aliingia ndani, ambako mama yake alikuwa amekaa sakafuni, akamwambia yote: maji ya lori, kelele moja, kitenge cha Godelive, mchongoma, msalaba. Akasema pia kwamba ni yeye aliyempeleka Léon, na ni yeye aliyemwacha anywe maji yale.

Martine alisikiliza mpaka mwisho. Aliamini kila neno, na Wivine alikuja kutambua baadaye kwamba huko kuamini ndiko kulikovunja nyumba kuliko uongo wa watu.

"Alijua," Martine alisema. "Nilipakulia mutoto wangu chakula karibu mwaka muzima, yeye anatazama, na alijua iko mu udongo."

Alitoka nje, akawaambia kaka zake wamwache yule mtu, hakumuuza mtoto yeyote. Kisha akamgeukia mumewe aliyelala chini. "Lakini usirudi humu," akasema. Kaka zake walidhani huzuni imemvuruga akili, na mtaa nao ukadhani hivyo hivyo. Hippolyte alipoweza kutembea, aliondoka kwenda Bambu kuchimba dhahabu.

Wivine alibaki na mama yake katika nyumba ya watu wawili. Aliacha shule akiwa mwaka wa tano, akaanza kukaanga mikate ya mafuta na kuuza pembeni mwa soko. Mara mbili vijana walikuja kumposa. Mara mbili familia zao zikauliza majina ya ukoo, zikanyamaza. Hatimaye aliolewa na Constant, fundi baiskeli kutoka Komanda, ambaye aliambiwa habari zote na watu watatu tofauti akasema yeye hajui kuogelea, kwa hiyo ziwa halimhusu. Walizaa watoto wawili wa kike. Wivine aliwalea kwa ukali. Hakuwaruhusu kuchota maji popote isipokuwa kwenye bomba, na hakumzaba kofi mtu yeyote maishani ila mwanamke mmoja aliyewaambia wanawe kwamba marehemu wajomba zao wanaishi chini ya ziwa.

Mwaka wa themanini na nne mchimbaji mmoja kutoka Bambu aliyepita sokoni alimwuliza kama yeye ndiye binti wa mzee Hippolyte. Akamwambia mzee amekaliwa na kikohozi, haingii tena shimoni, analala kwenye kibanda cha majani na wenzake wanamgawia chakula wanapokumbuka. Wivine aliazima baiskeli ya mteja wa mume wake, akaenda na Constant.

Walimkuta amekaa mlangoni, amekwisha, mifupa tu na koti. Alimtambua binti yake kabla hajasema kitu.

"Mama yako alikutuma?"

"Hapana, papa. Nilikuja tu."

"Basi nitangoja atume."

"Utakufa ukingojea," Wivine alisema. "Panda baiskeli."

Walimrudisha Bunia wakimsukuma, akikohoa kila kilima. Walimweka kwenye chumba cha nyuma, nyumbani kwa Wivine. Majirani walianza kupita ng'ambo ya barabara, na mikate ya Wivine ikawa inarudi nyumbani jioni ikiwa imepoa. Alipomweleza mama yake, Martine hakuja kumwona. Lakini tangu siku ile alileta uji kila asubuhi ndani ya kibakuli chenye kifuniko, akamkabidhi Wivine mlangoni, akaondoka. Hippolyte alijua uji ule umepikwa na nani. Aliunywa wote, hata siku ambazo hakuweza kumeza kitu kingine.

Mara moja tu Martine aliingia ndani. Wivine alikuwa akikanda unga, akawasikia kupitia ukuta wa udongo.

"Uso yake ilikuwa namna gani?" mama aliuliza.

"Uso ilibaki," Hippolyte alisema. "Macho ilikuwa ya kufungwa. Niliiosha mimi mwenyewe."

Martine alitoka akapita karibu na binti yake bila kumwona.

Hippolyte alikufa mvua za Oktoba zilipokuwa zimeanza. Wanaume wa mtaa hawakuja kubeba jeneza. Lilibebwa na Constant, katekista mmoja mzee, na wachimbaji wawili waliotembea kutoka Bambu usiku kucha kwa sababu zamani aliwavuta kutoka shimo lililoporomoka. Wivine alifuata nyuma na wanawe, akifikiri matanga yatakuwa ya watu saba.

Waliporudi kutoka makaburini walimkuta Martine amekaa kwenye mkeka uani, amenyoa kichwa chote, amevaa nguo nyeusi. Dada yake mmoja alikuwa amesimama juu yake akimgombeza: mtu aliyemfukuza mwenyewe miaka kumi iliyopita, anamlilia nini leo, watu watasema hata yeye alikula pamoja naye mali ya mamba-muntu.

"Baseme," Martine alijibu. "Ule ni bwana yangu."

Alikaa matanga mpaka mwisho, kama mjane yeyote. Wivine alikaa karibu naye, na wiki iliyofuata, mvua ikiwa bado inanyesha, akarudi sokoni na beseni lake la mikate. Mchana ulipita mtu hajanunua. Jioni mwanamke mmoja mgeni, aliyeshuka kutoka lori la Komanda na asiyejua habari za mtu, alisimama akachukua minne.